Mtu wa Thelathini na Moja

Mzee Fakihi Marijani wa Yombo Vituka alikuwa na dharau ya kumtosha yeye na mtaa mzima, na ziada ya kupeleka Buguruni. Hakuwa mtu wa matusi. Kutukana, kwake, ilikuwa kazi ya wasiojua maneno. Yeye aliinua nyusi moja, akamtazama mtu kuanzia viatuni hadi utosini, kisha akasema neno moja tu: "Hongera." Kijana akipita na chupa ya maji ya kununua wakati nyumbani kwao kuna mtungi, hongera. Jirani akipaka nyumba rangi ya zambarau, hongera. Watu wa bara waliogeuza ndizi kuwa chakula cha mchana badala ya tunda, hongera zao. Wala wenzake wa Pwani hakuwaacha: wale waliouza viwanja vya babu zao wakahamia vyumba vya kupanga, halafu wakasoma maulidi kwa vipaza sauti, aliwapa hongera mbili.

Alifanya kazi bandarini miaka thelathini na mitatu, karani wa kuhesabu mizigo. Alikuwa akisimama chini ya winchi na ubao wake na penseli sikioni, magunia yakishuka, yeye akichora vijistari vitanovitano. Manahodha waligombana naye, madalali walimbembeleza, hakuna aliyemtoa kwenye hesabu yake. Gunia likipungua moja, hasaini. Alistaafu, lakini hesabu haikustaafu naye. Msikitini alihesabu safu, harusini alihesabu wageni. Na jirani yake alipoanza kujenga ukuta, alihesabu matofali.

Jirani huyo aliitwa Margareta, mjane kutoka Mbinga, mpishi mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana. Mtaani walimwita Mama Erasmus kwa jina la mwanawe. Miaka minane iliyopita Fakihi alimshtaki kwa mjumbe kwamba ukuta wa mama huyo umeingia kiwanjani kwake futi moja na nusu. Kutoka kwa mjumbe wakaenda barazani. Baraza likaja na futi ya utepe, wazee wakapima huku wakipigwa na jua, wakakuta ukuta umeingia shubiri moja. Wakasema shubiri si ya kuvunjia ukuta, ishini kwa amani. Krismasi iliyofuata Margareta akapeleka sahani ya pilau. Fakihi akairudisha na kawa lake juu, hata mvuke haujatoka. Tangu siku hiyo hawakusemeshana. Wakikutana njiani, Fakihi aliukunja uso mapema, hatua ishirini kabla, ili jirani apate muda wa kuuona.

Kisha ikaja sukari. Daktari wa kliniki, binti mdogo ambaye Fakihi angeweza kumzaa mara mbili, alimwandikia vidonge na kumwambia atembee. Fakihi akamwambia hongera. Lakini mwanawe Nusaiba, aliyekuwa akiishi naye tangu mama yake alipotangulia mbele ya haki, hakuchukulia jambo lile kwa mzaha. Alimwandikisha kwenye kikundi cha matembezi kilichoitwa Nyayo Njema, ambacho mara moja kwa mwezi kilikodi gari kikapeleka watu kwenye vilima vya msitu, nyuma ya Pugu huko.

"Ni mzunguko tu, baba," Nusaiba alimweleza. "Mnaanzia getini, mnapanda vilima, mnapita maziwa mawili, mnarudi getini. Kilomita kumi na moja."

"Kwa hiyo mnaondoka mahali, mnakwenda palepale."

"Ndiyo."

"Na watu wazima wanaamka alfajiri kwa ajili hiyo."

"Baba, umeshalipiwa."

Jumamosi ile Fakihi aliswali alfajiri, akameza vidonge vyake na maji, akaletewa bakuli la uji wa shayiri ambao Nusaiba aliusoma kwenye simu kwamba unafaa. Akauchungulia.

"Hiki wanapewa farasi," alisema, akausogeza mbali. Raba mpya alizonunuliwa akaziacha mlangoni. Akavaa suruali ya kitambaa yenye mstari wa pasi, shati jeupe la mikono mirefu, na viatu vyeusi vya ngozi vilivyopigwa kiwi mpaka vikawaka. Mtu anayejiheshimu, aliamini, hawezi kwenda mahali amevaa kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Gari lilikuwa likisubiri Buguruni. Ndani watu wote walikuwa na fulana za njano, kama vifaranga. Fakihi alihesabu kabla hajaketi: thelathini na wawili, pamoja na yeye na kiongozi. Na kwenye kiti cha mbele, akiwa amepakata kikapu cha ukili, aliketi Margareta. Fakihi akaukunja uso. Margareta akageukia dirishani taratibu, kama mtu aliyeona nzi.

Kiongozi alikuwa kijana wa Kimara anayeitwa Brightson. Alivaa miwani ya jua juu ya kofia, wakati jua lenyewe halijachomoza, na filimbi ikining'inia shingoni.

"Shikamoo mzee wangu! Fulana yako hii hapa."

"Marahaba. Mie nina shati."

"Haina noma, mzee. Leo hatutembei tu, leo tunaishi!"

"Kwani jana mlikuwa mmekufa?" Fakihi aliuliza. Brightson akacheka sana, akadhani ni utani.

Walipofika getini, ndizi mbivu zikagawiwa. Fakihi akazikataa; hakuzoea kula amesimama. Kisha Brightson akatoa spika, akafungulia singeli, akaamuru watu wapashe misuli. Watu wazima wenye familia zao, walimu, makarani, mama mmoja mwenye duka la vitambaa, wakaanza kurukaruka kwa mguu mmoja kwenye vumbi.

"Mguu juu, familia! Mzee wangu, na wewe, mguu juu!"

Fakihi alimtazama kuanzia raba hadi kofia. Pembeni ya geti palikuwa na ubao uliochorwa ramani ya njia: mduara, na mshale unaoelekea kulia. Akausoma kwa mikono nyuma. Mduara, alijisemea, hauna mwanzo. Mtu akienda kulia atarudi hapa, na akienda kushoto atarudi hapa, na anayekwenda kushoto hana haja ya kusikiliza filimbi. Muziki ukiwa bado unapigwa, akashika njia ya kushoto. Hakuaga. Aliona kuaga ni kuwapa heshima wasiyoistahili.

Asubuhi ilikuwa na baridi kidogo, masika ndiyo kwanza yamekwisha. Njia ilipanda taratibu katikati ya miti mirefu iliyofungamana kwa juu, chini majani makavu yakiwa na unyevu. Majongoo meusi yalivuka njia bila haraka. Mahali fulani juu ndege hondohondo alilia kama mtoto anayelazimishwa kuoga. Fakihi alipanda kilima cha kwanza akakidharau. Alipanda cha pili akakidharau zaidi, maana kilikuwa kirefu na yeye hakutaka kusimama kupumua. Udongo wa kule ni mweupe kama unga wa muhogo, na ukilowa unateleza. Viatu vya ngozi vilikwenda kila kimoja kwa hiari yake. Alishika miti, akaendelea. Moyoni alikuwa akifurahi, ila hakutaka kulijua hilo.

Ziwa la kwanza alilifikia baada ya kama saa moja. Lilizungukwa na matete, yungiyungi zimeelea pembezoni, na kivuli cha kilima kimelala juu ya maji.

"Ziwa!" alisema kwa sauti, peke yake. "Kibwawa hiki ndiyo ziwa."

Alitaka kukaa, kwa sababu magoti yalikuwa yameanza kutetemeka na jasho lilikuwa likimtoka la baridi, si la joto. Hakukaa. Wakati wowote wenye fulana za njano wangetokea mbele yake, na hakutaka wamkute amekaa.

Na kweli, alipopanda kilima cha katikati, akasikia spika kabla hajaona mtu. Walikuwa wakija kwa mstari mmoja kwenye njia nyembamba, Brightson mbele. Fakihi akasogea pembeni, mikono nyuma, wapite.

"Mzee wangu! Umepotea!" Brightson alipaza sauti kwa furaha.

"Aliyepotea hajijui," Fakihi alijibu.

Wakapita wakicheka, wengine wakimpiga picha. Naye, kama alivyofanya miaka thelathini na mitatu chini ya winchi, akahesabu. Hakukusudia, macho yalihesabu yenyewe, vitanovitano. Walipaswa kuwa thelathini na mmoja. Alikuwa ameshaukunja uso tayari, kwa ajili ya Margareta, akimsubiri atokee kwenye mstari na kile kikapu chake. Wakapita watano, na watano, na watano. Mstari ukaisha. Thelathini. Uso wake ulikuwa bado umekunjwa, na hapakuwa na wa kumkunjia.

Brightson alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Neno moja lingetosha. Fakihi alilisikia lile neno likimfika kooni, kisha akalimeza. Si mzigo wangu, aliwaza. Wana filimbi, wana spika, wana kiongozi mwenye miwani. Waache wahesabiane. Na nyuma ya wazo hilo palikuwa na jingine dogo na baya zaidi, ambalo hakulitazama sawasawa: kwamba yule mama wa ukuta, leo, mahali fulani amekwama. Akaendelea na njia yake.

Baada ya robo saa akamkuta. Njia ilikuwa imeshuka karibu na ziwa la pili, na Margareta alikuwa amekaa juu ya gogo, mguu wa kulia ameunyoosha, goti limevimba kama boga. Kikapu kilikuwa pembeni yake. Alimwona Fakihi akija. Hakumwita. Midomo aliibana, akatazama maji.

Fakihi hakushtuka, wala hakupunguza mwendo. Alifika pale gogoni, akainua nyusi moja, akalitazama lile goti, akamtazama na mwenye goti.

"Hongera," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia kwa miaka minane.

Akampita. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye hatua ya tano ziwa likapanda juu na miti ikashuka chini, na Mzee Fakihi Marijani akaanguka kifudifudi kwenye udongo mweupe, na shati lake jeupe.

Alipofumbua macho alikuwa amegeuzwa chali. Margareta alikuwa juu yake. Alikuwa amefika pale kwa kujiburuta, maana majani yote kutoka gogoni yalikuwa yamelala upande mmoja. Alikuwa akimpiga makofi mashavuni, na hakuwa akipiga kwa upole.

"Umekula?"

Fakihi alijaribu kuinuka, mikono ikakataa.

"Nakuuliza, Baba Nusaiba. Umekula asubuhi?"

"Haikuhusu."

"Vidonge umemeza?"

Fakihi akafumba macho tena.

"Umemeza dawa ya sukari, hukula kitu, halafu ukapanda milima na viatu vya harusini. Marehemu Adelard wangu alikuwa mjinga hivihivi, mpaka ikamwondoa." Alikuwa ameshavuta kikapu, amefungua chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai. Ulikuwa uji wa ulezi, mzito, wa moto, umetiwa maziwa na sukari. Akaumimina kwenye kifuniko. "Kunywa."

Fakihi akageuza uso.

"Kunywa, nimesema. Ukinifia hapa watasema nimekuua kwa sababu ya shubiri moja. Sitaki kesi nyingine ya kwako, ile moja ilinitosha."

Akamshika kichwa kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto mkaidi, akamwekea kifuniko mdomoni. Fakihi akanywa. Alikunywa kifuniko cha kwanza kwa hasira, na cha pili kwa njaa, na cha tatu akakishika mwenyewe. Tetemeko likaanza kumwachia mikono. Alitafuta kasoro kwenye uji ule. Hakuupata moshi, hakupata bonge, haukuwa mwepesi. Hilo lilimuudhi.

Walikaa pale chini, wazee wawili kwenye matope, mmoja mweupe wa udongo kama mtu aliyepakwa unga wa jando. Kisha Margareta akasema, bila kumtazama:

"Umekutana nao."

"Nimekutana nao."

"Umewahesabu."

Hakuwa anauliza. Mtaa mzima ulijua.

"Nimewahesabu."

"Walikuwa wangapi?"

Fakihi hakuwahi kudanganya kwenye hesabu maishani mwake. Waliwahi kumwekea bahasha mfukoni, akawarudishia. "Thelathini," alisema.

"Walitakiwa wawe wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Ulijua anayepungua ni mie?"

Upepo ulipita kwenye matete. Fakihi alikisafisha kifuniko cha chupa kwa kidole, kwa uangalifu mkubwa.

"Sikujua," alisema.

Margareta alikichukua kifuniko, akaifunga chupa. Alichukua fimbo aliyokuwa ameiburuta toka gogoni pamoja na kikapu, akaiegemea, akainuka kwa kugumia.

"Brightson aliniambia nikae, angerudi na mtu wa kunisaidia," alisema. "Amesahau. Kijana hana kichwa, hilo nalijua. Twende, tusije tukalala huku."

Walishika njia ambayo Margareta alikuja nayo, kwa kuwa aliijua. Ilikuwa safari ya aibu. Yeye hakuweza kukunja goti, na Fakihi hakuweza kusimama kwenye mteremko kwa vile viatu. Mahali pabaya walishika fimbo ileile, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile, wakashuka kama watu wanaobeba samaki mkubwa asiyeonekana. Fakihi alianguka mara mbili zaidi. Mara ya pili Margareta alicheka, kicheko kikavu kisicho na huruma ndani yake.

"Unajua mtaani wanakuitaje?"

"Sijauliza."

"Mzee Hongera. Hata watoto. Ukipita wanainua nyusi moja, hivi, halafu wanakimbilia nyuma ya nyumba kucheka. Wewe unadhani wanakuogopa."

Fakihi alishika mti, akajifanya anatoa udongo kwenye kisigino.

"Mie kila siku nahesabu sahani mia nne," Margareta aliendelea, pumzi zikimkatika. "Mia nne, za wasichana wasio wangu. Wengine wana midomo, usiombe. Sahani moja ikibaki haijachukuliwa, naacha mwiko, naenda bwenini namtafuta mwenyewe. Namkuta anaumwa, au analia, au amegoma tu. Lakini namtafuta. Sasa wewe ulikuwa unahesabia nini miaka yote hiyo?"

"Nilikuwa nahesabia kazi."

"Hongera," alisema Margareta.

Hilo lilimwingia. Alikuwa hajawahi kuambiwa. Alilisambaza neno lile mjini miaka yote hiyo na hakujua lina ladha gani linapotoka mdomoni mwa mtu mwingine kuja kwako.

Walipofika getini jua lilikuwa limesimama utosini. Fulana za njano zilikuwa zimejipanga mbele ya ule ubao wa ramani kupiga picha ya pamoja. Brightson alikuwa amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, simu mkononi.

"Tumetimia, familia? Semeni tumetimia!"

"Tumetimia!" wakaitikia wote.

Fakihi alisahau matope, alisahau magoti. Alikwenda moja kwa moja mpaka pale kwenye ndoo.

"Mmetimia wangapi?"

"Aah, mzee wangu! Tulikuwa tunakusubiri wewe tu."

"Nimekuuliza hesabu. Wangapi?"

Brightson alitazama watu, midomo ikamcheza. "Si... wote, mzee."

"Wote si hesabu!" Sauti ya Fakihi ilipanda kama ya zamani, ya kushinda winchi. "Umemwacha mtu msituni! Mama mtu mzima, goti limevimba, umemwambia akae, ukaenda zako kucheza ngoma! Gunia la mchele likipotea tulikuwa hatulali, wewe unapoteza mtu na unapanda juu ya ndoo kupiga picha! Na mkanyaga ndoo kama wewe ndiye kiongozi. Kiongozi wa nini? Wa kuku?"

Watu waligeuka kumtazama Margareta. Mama mwenye duka la vitambaa alianza kusema "maskini, Mama Erasmus," akakatisha. Brightson alishuka kwenye ndoo. Alikuwa amekuwa mdogo ghafla, na miwani yake ilikuwa imeteleza usoni.

"Mama, nisamehe. Wallahi nilipitiwa," alimwambia Margareta. Kisha akamgeukia Fakihi, kwa sauti ya chini. "Lakini mzee wangu, na wewe uliondoka bila kuaga. Mie hesabu yangu ilishavurugika toka hapa getini."

Ilikuwa kweli, na kila mtu alisikia kwamba ni kweli. Fakihi alifungua mdomo. Ndipo Margareta, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe na mguu ameunyoosha, aliposema, bila hata kupaza sauti:

"Nyie wote wawili mmeniacha. Huyu hajui kuhesabu, akaniacha. Wewe unajua kuhesabu, ukaona nimepungua, ukanyamaza. Afadhali yeye."

Hata spika mtu aliizima. Nyuso thelathini zilimtazama Mzee Fakihi kuanzia viatu vyake vilivyopasuka hadi utosini pake penye udongo mweupe, na mama wa duka la vitambaa aliinua nyusi, zote mbili.

Garini alikaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna aliyekaa naye.

Nusaiba alipomwona mlangoni alipiga ukelele. Baba yake alimweleza habari zote: ndoo, filimbi, kibwawa kinachoitwa ziwa, uji wa ulezi. Alisimulia vizuri, mpaka Nusaiba akacheka. Lakini alipofika kwenye kile kilima cha katikati alisema tu, "nikakutana nao, wakapita," akaomba maji ya kuoga.

Habari hazikuhitaji msaada wake. Kufikia Jumatatu mtaa ulikuwa nazo. Dukani watu walinyamaza alipoingia, na msikitini aliyezoea kumwachia nafasi safu ya mbele alijisahau. Fakihi aliwadharau wote, kama kawaida, ila dharau ile sasa ilikuwa na kazi ngumu. Ilimbidi aiamshe kila asubuhi kama mtoto asiyetaka shule. Alikwenda kliniki, akapimwa, yule daktari binti akamwambia asirudie kumeza dawa na tumbo tupu, kisha akamwambia aendelee kutembea. Akaendelea. Kila alfajiri, baada ya kula, alivaa zile raba na kuizunguka Vituka mpaka relini, peke yake. Hakuna aliyembeza kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimsemesha.

Ijumaa ya tatu alisimama mbele ya geti la Margareta. Lilikuwa wazi. Margareta alikuwa barazani, goti limefungwa bandeji, ungo wa mchele mapajani, anachagua mawe. Shuleni walikuwa wamempa mapumziko.

"Hodi."

Margareta aliinua macho. Hakusema karibu.

"Nimekuja na neno moja."

"Liseme hapohapo."

Fakihi aliweka mikono nyuma, akaona haifai, akaishusha ubavuni.

"Siku ile uliniuliza kama nilijua anayepungua ni wewe. Nikakwambia sikujua." Alimeza mate. "Nilijua. Nilikuwa nakusubiri upite."

Vidole vya Margareta viliendelea kwenye mchele. Alitoa jiwe dogo, akalitupa.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hilo mie nalijua tangu uliponikuta pale gogoni. Hukushtuka. Mtu asiyejua angeshtuka kumkuta mtu amekaa peke yake porini. Wewe ulikuja kama mtu anayekuja dukani." Akatikisa ungo. "Umekuja nikusamehe?"

"Sikuja kwa hilo."

"Vizuri. Maana sijakusamehe, wala sijui kama nitakusamehe. Nikikuona tu goti linauma." Akamtazama sasa, kwa mara ya kwanza, na hapakuwa na lolote laini kwenye macho yake. "Ila salamu utanisalimia. Miaka minane unanipita kama nguzo ya umeme. Hilo sitaki tena. Mie ni mtu."

Mzee Fakihi alisimama pale nje ya geti. Mambo mengi yalimpanda kichwani: kwamba mama huyu amepewa ukweli bila kudaiwa na bado anapanga masharti, kwamba ni mpishi tu kutoka Mbinga, kwamba ukuta, hata hivyo, umeingia. Alihisi nyusi yake inaanza kuinuka. Akaizuia, na ilikuwa kazi kuliko kilima chochote.

"Habari za asubuhi, Mama Erasmus," alisema.

"Nzuri," alijibu Margareta, na macho yake yalikuwa yamesharudi kwenye mchele. "Nenda ukatembee. Jua linapanda."

Akaenda. Siku hiyo alivuka reli, akaendelea mbele mpaka mahali ambapo hakuwa akimjua mtu yeyote.